Barua Iliyotokea Dar

Zilikuwa zimebaki siku nne mama yangu asafiri kwenda hija, na alikwisha omba radhi mtaa mzima wa kwetu Bagamoyo, hata kwa muuza maziwa ambaye hakukumbuka amekosewa nini. Alibaki mtu mmoja: mke mwenzake, anayekaa Mkange. Mimi namwita mama mdogo, ingawa kwa miaka mingi nyumbani kwetu hakutajwa.

Asubuhi hiyo mama alivuta kigoda mpaka kwenye meza niliyokuwa nikifanyia kazi.

"Niandikie barua. Herufi ziwe kubwa. Macho yake mabovu, na sitaki asomewe na mtu. Haya ni maneno yangu na yeye."

"Si umpigie simu, mama?"

"Kwenye simu nitalia, naye atakata."

Siku mbili kwa wiki nafanyia kazi nyumbani. Laptop yangu kuukuu naitumia kuingilia kompyuta yangu iliyoko ofisini Dar. Naiendesha kwa intaneti kana kwamba nimeketi mbele yake. Barua nikaiandika humo humo, kwa kuwa programu ya kuandikia ilikuwa kule.

Mama akasema, nami nikachapa. Alieleza siku ya msiba wa baba, alivyomfungia mwenzake mlango mbele ya waombolezaji, hata yule mama akakaa eda kwa watu baki. Siku ile nilikuwa mtoto, na miaka yote niliamini kwamba hakutaka kuja. Nikaacha kuchapa, nikamgeukia.

"Andika," mama akasema. "Usinitazame."

Jirani yetu aliyekuwa akienda Mkange harusini alikwisha fika kuichukua, mkoba begani. Nikabonyeza kuchapisha. Kioo kikaonyesha kuwa imechapishwa, lakini printa yangu pembeni ya kabati ilikuwa kimya. Nikakagua karatasi, nikachomoa waya, nikaurudisha. Nikabonyeza tena. Na tena. Jirani alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Mwanangu, gari haliningoji."

Nikabonyeza mara ya nne, na hapo ndipo nilipotazama jina la printa. Ilikuwa ile ya ofisini, iliyoko kwenye ujia ambao kila mtu huupita akienda kuchukua chai.

 Nikampigia mama wa masijala, maana meza yake ndiyo iliyo karibu na printa hiyo. Sote tulimwogopa. Barua yenye mkato uliokosewa aliirudisha bila kusema neno.

"Shikamoo, mama. Kuna karatasi..."

"Marahaba. Ninazo. Nakala zote nne."

"Kuna aliyezisoma?"

"Mimi. Sitakudanganya. Sasa sikiliza: toka kwanza kwenye kompyuta ya huku. Kabla hujaunganisha tena, fungua sehemu ya vifaa vya kwako, utie tiki kwenye printa. Kisha chagua hiyo ya kwako. Nimemuuliza fundi. Karatasi sikumwonyesha."

Niliiacha simu wazi mezani nikafanya alivyosema. Printa yangu ikakohoa, ikatoa kurasa mbili. Mama akapaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akalikandamiza chini ya maneno yake, na jirani akatoka mbio.

Sauti ikatoka mezani. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Tatu nitazichana. Moja naomba nibaki nayo."

"Ya nini?"

"Na mimi nina mtu wa kumwomba radhi."

Barua haikuwa yangu. Nilipogeuka nikamwona mama yangu amesimama nyuma yangu, uso umemkunjamana.

"Nani kasoma?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile ombi. Alikasirika, akaniambia sifai hata kutumwa chumvi, akaingia jikoni, akagonganisha masufuria. Baada ya muda akatokeza kichwa.

"Mwambie achukue. Lakini aandike ya kwake, asinakili yangu."

Nikamwambia. Mama wa masijala akasema, "Nimesikia," akakata simu. Hatujazungumza tena habari hiyo, wala sijui kama aliandika.

Siku mbili zikapita bila jibu kutoka Mkange. Mama alifunga sanduku akalifungua, akakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Mimi kila simu ilipolia niliruka.

Siku ya tatu, jua limepanda, mama mdogo alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yetu, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia, akaitika, akapita moja kwa moja alikokuwa mama.

"Nimeisoma mwenyewe," alisema.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda dukani nikanunua sukari ambayo hatukuihitaji, nikazunguka kwa njia ndefu. Niliporudi walikuwa wawili kwenye mkeka mmoja, sinia la mchele kati yao, wakibishana kama baba alipenda wali wa nazi nyingi au kidogo.