Kisu cha Nyanya na Jiwe la Mlangoni

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kuona nyumba nilimolelewa. Wee, nilikata tiketi ili niingie jikoni kwetu!

Usinicheke. Baba alikuwa mtunza bustani kwenye shamba moja kubwa la zamani huku Maryland, Amerika, lililokuwa la tajiri fulani kabla ya kufunguliwa kwa umma. Kazi ilikuja na kijumba cha mawe cha wafanyakazi. Vyumba viwili tu, vilivyonuka nyasi mbichi na petroli, na ng'ambo ya miti jumba kuu lenye nguzo nyeupe. Sharti lilikuwa moja: tusiharibu kitu, nyumba ni ya kihistoria. Hata msumari wa kalenda ulikatazwa.

Basi Nyanya akaja kututembelea kutoka Nyeri. Akashika kisu chetu, akajaribu kukatia sukuma wiki, akasonya. "Kisu gani hiki? Hakikati hata maji!" Kabla Mama hajageuka, alikuwa ameinama mlangoni, kwaruu, kwaruu, anakinoa kwenye jiwe la kizingiti. Ikawa hivyo kila jioni, miezi yote ya joto. Sukuma zilitoka nyembamba kama uzi, na sijala tena tamu kama zile.

Baba alipoona jiwe limechimbika, alichuchumaa akalipapasa, akamwambia Nyanya: "Mama, watatufukuza." Tulikuwa hatuna pengine pa kwenda. Nyanya akatandika gunia juu ya ile alama, akatuita sisi watoto. "Mkiulizwa, semeni mliikuta."

Hakuna aliyetuuliza. Nyanya alirudi nyumbani, akafariki. Baba alistaafu, tukahamia mji wa Bowie.

Sasa ile alama iko chini ya kioo, ati! Mtembeza wageni, kijana mpole, alitueleza kwa sauti ya kanisani kwamba wafanyakazi wa kale walinoa miundu yao hapo. Akaona ninavyoikodolea macho, akaniuliza kama ninajua lolote kuihusu.

"Hapana," nikasema. "Tuliikuta tu."

Garini machozi yakanitoka, nikamsimulia binti yangu yote. Yeye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Mum, kwa nini hukusema ni ya Nyanya?"

Nyanya aliacha alama moja tu Amerika nzima, nami nimeiacha iitwe ya wengine. Nyumba si yetu tena, hakuna aliyebaki wa kufukuzwa, na bado niliogopa.