Dakika Nane za Mwalimu Minani

Mwalimu Minani alinichosha, Mungu anisamehe, na nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Alivuka mpaka kutoka Cankuzo mwaka tisini na tatu, yeye na mkewe na watoto watatu, tukampa kipande cha shamba hapa Murusagamba, nyuma ya migomba yetu. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Ukimsalimia asubuhi, atakueleza umande unatoka wapi. Jembe alilishika kama chaki, lakini maharage ya Oktoba tisini na tano aliyalima mwenyewe, huku anapiga mluzi mpaka mbuzi wangu wakahama.

Januari, maharage yamekauka, akaja Ciza, mama muuza chumvi wa ng'ambo. Alileta habari kwamba mama mzazi wa Mwalimu alishafariki, tangu mwanzoni mwa Oktoba.

Sasa, kwetu Wahangaza na kwao Warundi, mfiwa hagusi jembe mpaka siku za matanga ziishe. Mwalimu akahesabu, akaona wiki ile ile mama yake anazikwa, yeye alikuwa shambani na mluzi wake. Basi akayakataa yale maharage. Akasema ni maharage ya dharau, hayaingii nyumbani kwake. Mkewe Eustakia alimsihi, wapi! Watoto wanalala na uji mwepesi, maganda yanapasuka shambani, na mawingu yameshaanza kujikusanya.

Siku ya nne uvumilivu ukaniishia. Binti yangu Priscila alikuwa mwanafunzi wake, nikamwambia anisomee daftari lake la fizikia, nione huyu bwana anafundisha nini kama mwenyewe akili zimemruka. Akasoma: jua likitoweka ghafla, dunia itaendelea kuzunguka kama kawaida kwa dakika nane hivi, kwa sababu mvutano wa jua nao husafiri, kwa mwendo ule ule wa mwanga, haukatiki papo hapo. Nikamwambia arudie. Kisha nikajifunga kanga, nikaenda.

Nilimkuta amekaa uani, ndevu zimeota. Pole nilishampa siku tatu mfululizo, siku hiyo sikumpa. Nikamuuliza: katika zile dakika nane, dunia inapozunguka mahali ambapo jua halipo tena, je, inalidharau jua?

Ualimu haukumruhusu kunyamaza.

"Hapana, Mama Priscila. Bado inavutwa nalo. Mvutano ulioondoka zamani ndio kwanza unaifikia."

"Na wewe ulipokuwa unalima, nani alikuwa anakuvuta?"

Akajifunika uso. Akasema alipanga debe la kwanza alitume kwa mama yake, maana mama ndiye aliyezoea kumcheka kwamba hajui kulima. Kisha akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, maana moyo wangu si jiwe.

Maharage hung'olewa kwa mikono, jembe halihitajiki. Alasiri ile ile wanawake tukayang'oa yote, na majembe yetu tukayaacha ndani wiki nzima, sisi wenyeji, kwa ajili ya bibi ambaye hatukuwahi kumwona hata sura. Mwenyekiti wa kitongoji akaja kuuliza ni matanga gani haya, ya mtu aliyezikwa miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe, lakini Mwalimu alisimama mwenyewe, akamwamkia shikamoo, akamjibu.

"Mama alikufa Oktoba, mzee. Mimi nimefiwa juzi."