Jamvi la Watu Wawili

Jamvi la mafunjo ni kazi ya watu wawili, na Elihuruma alikuwa peke yake. Akishapanga mabua, ilimbidi ainuke, azunguke upande wa pili akaze kamba, kisha arudi kupanga tena. Jua likizama kiuno kinamuuma, na jamvi halijafika hata nusu.

Zamani mkaza kamba alikuwa Simaloi. Miaka kumi na minane walikata mafunjo pamoja bwawani Nduruma, maji magotini, wakikisengenya kijiji kizima bila kumsaza hata mchungaji. Ndipo zikaja zile siku za kila kitu ruksa, bidhaa za nje zikamiminika, mikeka ya plastiki ikajaa sokoni Arusha. Simaloi, mwepesi wa uamuzi, akamwambia Elihuruma, "Mama Philemoni, biashara yetu imekufa hii. Tuuze plastiki." Mwezi haukuisha, akahamia Olasiti kwa mwanawe.

Elihuruma alinuna. Kwao mkosaji ndiye huja kwanza, basi akakaa akamngoja aje aombe radhi. Mbwa akibweka, mbio mlangoni; akikuta si yeye, anajifanya anafukuza kuku. Masika yakapita mara tatu. Tuseme kweli: kiburi kilimshibisha mwaka wa kwanza tu. Iliyobaki ilikuwa upweke mtupu, wa kusonga ugali wa mtu mmoja na kuongea na sufuria.

Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akakunja jamvi jipya, akajitwika, akaenda Olasiti. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kusamehe.

Alimkuta Simaloi kibarazani, amekaa juu ya mkeka wa plastiki, miguu imevimba. Simaloi akapiga kigelegele, kisha akaangua kilio.

"Mama Philemoni! Nilijua umenitupa. Si unajua aliyehamia hukaa kwake, wenzake ndio waje kuiona nyumba? Nimekungoja mpaka miguu imegoma."

"Lakini si tuligombana?"

Simaloi akamkazia macho, mshangao wa kweli usoni. "Tuligombana lini?"

Elihuruma akalitua jamvi. Akaketi chini, akaichukua ile miguu iliyovimba, akaipakata mapajani. Miaka mitatu alikuwa ndani ya ugomvi peke yake, na mwenzake sasa hawezi tena kuingia majini.