Shamba Lililokataa Mvua

Juzi, katika duka la mbegu pale Nyamityobora, mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alimwaga udongo mkavu juu ya kaunta.

"Mvua inanyesha mingi, lakini maji inakimbia tu. Maharagi yangu yote imekufa!"

Muuzaji akaudondoshea maji. Loo! Yalisimama juu yake kama shanga, hayakuingia. Wateja tukasongamana kutazama.

"Mama, nyinyi nachoma majani ya kalitusi hapo?"

"Ndiyo, kila kiangazi."

"Mafuta ya ile majani nafunika udongo, maji nashindwa kuingia." Akatia tone la sabuni, na maji yakazama papo hapo. Tukapiga makofi!

"Sasa nifue shamba?" mama akauliza.

"Hapana! Wacha kuchoma. Changanya udongo ya kichuguu na mbolea ya ng'ombe, tia kwa shamba."

Mama akashika kichwa, akacheka hadi machozi. "Yesu wangu! Mwenye ng'ombe ni jirani yangu, na miye simusalimie tena. Nilisema ni yeye ameniloga mushamba!"

Akatoka mbio kutafuta gari la Nakivale. Nasi tuliobaki dukani tulikubaliana kwamba udongo ule utalainika mapema kuliko jirani.