Mfuko wa Kamba Nyekundu

Kazi yangu ni kuwasha boila. Nyuma ya Malindi, karibu na bandari, kuna jengo la dobi linalofua shuka za mahoteli ya Mji Mkongwe, na mvuke unaozinyoosha shuka hizo unatoka kwangu. Nafika kabla ya alfajiri, naangalia maji kwenye kioo chake, nafungua dizeli, kisha nakaa na joto lile mpaka jioni. Mgeni akizilalia shuka hizo usiku mmoja analipa zaidi ya ninachopata mimi kwa mwezi. Nimeshaacha kukasirika kwa hilo. Hapana, nasema uongo, sijaacha.

Mshahara ukitoka, mwenye chumba anachukua chake kwanza. Kinachobaki nakigawa baina ya unga, umeme na nauli, na mwezi haujafika nusu mfukoni hamna kitu. Na kwetu mume ndiye anayekwenda sokoni. Anapita Darajani, ananunua samaki, nazi na mboga, anapeleka kapu nyumbani, mke anapika. Kapu langu lilianza kukosa samaki, likakosa nazi, mwisho likabaki limetundikwa msumarini. Mke wangu hakunigombeza hata siku moja. Mwezi wa Rajabu alifunga nguo zake na za mtoto, akasema anakwenda kwao kupumzika kidogo. Sote tunajua maana ya mke kwenda kwao kupumzika.

Kwao ni shamba, mbele ya Jozani. Baba yake ni mzee mpole, na upole wake ndio ulioniumiza. Heri angenitukana.

"Mwanangu, mkeo yupo hapa salama," aliniambia. "Siku ukiwa na cha kumlisha, njoo umchukue."

Basi nikaweka tamaa yangu yote kwenye Ramadhani. Mahoteli yalijaa wageni, kazi ikazidi, na tajiri wetu akaahidi kutulipa saa za ziada. Nilifunga mwezi mzima nimekaa mbele ya moto. Adhuhuri nilikuwa najimwagia maji kichwani kwenye bomba la uani, nikiogopa hata tone moja lisije likaingia mdomoni. Wenzangu wakaniambia nitakufa. Niliwajibu kwamba bado sijamrudisha mke wangu, nikifa atanicheka.

Kumi la mwisho la mfungo lilipoingia, tajiri akatuita uani. Tulitazamia bahasha. Tukakuta mifuko imepangwa ukutani, kila mmoja umefungwa kwa kamba nyekundu, na ndani yake mchele, sukari, tende na chupa ya mafuta.

"Saa zenu za ziada hizi," akasema, "na baraka za mwezi mtukufu juu yake."

Nilikasirika, lakini nitasema kweli, nilifurahi pia. Zilishapita siku nyingi sijabeba chakula cha kueleweka. Nikampigia simu mke wangu nikamwambia, "Funga nguo zako, nnakuja." Alhamisi ya wiki hiyo tuliruhusiwa mapema. Nikafika kijijini jua likielekea kuzama, mfuko begani, na nikapita mbele ya baraza makusudi, watu wanione mume anayekuja na chakula.

Furushi la nguo lilikuwa limeshawekwa karibu na mlango. Mtoto alikuwa amelikalia.

"Shikamoo, baba," nikamwambia mkwe wangu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Nikaingia, nikatua mzigo wangu pembeni ya mtungi wa maji. Pale pale palikuwa na mfuko mwingine. Kamba yake nyekundu vilevile.

"Na sisi tumeletewa jana," mzee akasema, furaha imemjaa. "Kuna tajiri mmoja huko mjini katoa zaka yake. Kapitisha gari, kila nyumba isojiweza ikapewa. Kumbe na wewe umepata! Mungu amzidishie."

Nikaitikia amina. Ningefanya nini? Zaka ni haki ya fakiri, haihesabiwi kuwa ujira wa mtu, na hilo hata mtoto anayesoma Kurani chuoni analijua. Jasho langu la mwezi mzima limetolewa kama ibada ya mtu mwingine, na mimi nimelibeba begani mpaka kwa wakwe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akaitazama mifuko yote miwili. Alifungua wangu kwanza, akapika futari, akanipakulia mimi kabla ya baba yake.

Sikumwambia twende. Naye hakuniuliza.

Asubuhi, nikiwa navaa viatu nirudi mjini, nilimwona amepiga magoti mbele ya furushi. Alikuwa akitoa nguo moja moja, za mtoto kisha zake, anazikunja upya na kuzirudisha kwenye kasha la mama yake.