Mtindi Uliokataa Kuganda

Mwaka jana ng'ombe wetu alivimba kiwele, akachomwa sindano. Daktari wa mifugo aliniambia maziwa yake niyamwage mpaka dawa iishe mwilini. Usiku huo mtoto alikuwa na homa, sikulala. Asubuhi nikakamua, nikayapeleka kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa Machame, tunakochanganya maziwa kutengeneza mtindi. Nilisahau kabisa.

Mtindi wa siku ile haukuganda. Wote wakamgeukia bibi mmoja mjane, eti dumu lake ndilo chafu.

Nikasema, "Mwacheni bibi. Ni maziwa yangu. Ng'ombe alichomwa sindano, nikasahau. Dawa ndiyo imezuia mtindi kuganda."

Jirani yangu akanivuta kanga. "Mama, si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

Tangu hapo nikifika wananusa dumu langu mbele yangu. Wakienda kukata majani hawaniiti. Na hao hao wanaongeza maji kwenye maziwa yao, nawaona mferejini! Nina hasira nao. Nakata majani peke yangu, mtoto mgongoni, naongea naye maana sina mwingine. Hata yule bibi, nikimwamkia, anaitikia marahaba huku anatembea.