Galoni Tano za Mtandao

Ukinisikia nikiitwa Galoni huko mitaa ya Tena au Mbotela, Eastlands ya Nairobi, usidhani ni kwa sababu ya hili tumbo (ingawa siku hizi nalo lingetosha). Waliolianzisha jina hilo, wanafunzi wangu wa zamani, sasa ni watu wazima wenye ndevu na watoto wao, wakikutana nami wananipa mkono kwa heshima zote, wananiuliza habari za nyumbani, halafu nikishawapa mgongo tu nasikia, "Si huyo ndiye Galoni?" na kicheko juu yake. Nimeibeba aibu hii miaka mingi, na leo naisema mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikiishia ishia. Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la saba katika shule moja ya msingi si mbali na Jogoo Road, kijana, tai kila siku, na kitu nilichokitamani kuliko hata kuoa kilikuwa darasa la nane, darasa la mtihani wa mwisho. Mwalimu wa hesabu wa darasa la nane ndiye anayejulikana mtaani, ndiye anayesimamishwa na wazazi njiani, na aliyekuwa nalo wakati huo alikuwa anahamishwa mwisho wa muhula. Hedi wetu wa shule, Madam Khasoa, mama mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa anatupima watu wawili. Mmoja mimi. Wa pili ni Mzee Odero, ambaye alikuwa anashika chaki kabla mimi sijashika kijiko, na ambaye silaha yake ilikuwa kitabu kimoja kilichovalishwa gazeti. Madam akatuambia kila mmoja atafundisha somo moja siku ya wazazi, mbele ya watu wote, kisha yeye ataamua.

Mtu mwenye akili angeketi chini akapanga somo lake, sivyo? Mimi nikapanda mjini. Nilikuwa nimesikia kwamba kule kwenye saiba, vile vyumba vya kulipia mtandao kwa dakika, unaweza kupata masomo ya hesabu yaliyoandaliwa na walimu wa Amerika, tena bure, unachagua tu kama mtu anayechagua nyanya. Na kweli nilikuta. Ukurasa ulishuka mstari kwa mstari, polepole, msichana wa saiba kila mara ananikumbusha kwamba dakika zangu zinaisha, mimi jasho linanitoka, nikaona somo la ujazo lenye picha ya boksi na watoto wanaocheka, nikasema hili hili, chapisha. Sikulisoma hadi mwisho (weka hilo akilini).

Somo lenyewe lilikuwa tamu, siwezi kulisingizia. Unatengeneza boksi la inchi kumi na moja kwa kumi na nusu kwa kumi. Wanafunzi wanatafuta ujazo, wanapata inchi za ujazo 1,155. Wanaambiwa galoni moja ni 231, wanagawanya, wanapata galoni tano kamili. Halafu, na hapa ndipo nilipopagawa, mwalimu anamimina galoni tano za maji ndani ya boksi, yanajaa mpaka ukingoni na halimwagiki hata tone. Nilijiona nimesimama pale na wazazi wanapiga makofi.

Boksi nilitengenezewa na fundi wa mabati, kazi safi, halikuvuja. Kilichobaki kilikuwa chombo cha galoni tano, na hicho nilikijua kilipo. Mama Zeituni wa Mbotela alikuwa anauza maziwa, na alikuwa na mkebe mkubwa wa chuma, wa zamani kabisa, alioachiwa na mama yake, umechongwa ubavuni GALONI 5. Binti yake Zeituni alikuwa darasani mwangu. Nikaazima mkebe, mama akanipa kwa moyo mweupe, akanisihi tu nisiugongeshe.

Wiki hiyo yote nilitembea shuleni kama nimeula. Nilimwambia Mzee Odero, ndani ya ofisi ya walimu, kila mtu akisikia, kwamba zama za chaki zimekwisha. Mzee akatabasamu, akaendelea kunywa chai.

Siku ya wazazi darasa lilijaa hadi dirishani. Madam Khasoa aliketi mbele amevaa kitenge kipya, na juu ya meza yangu aliweka kitabu cha wageni pamoja na hotuba yake, kurasa tatu alizoziandika kwa mkono kwa kalamu ya wino. Boksi langu likakaa katikati ya meza hiyo hiyo. Watoto wakapiga hesabu ubaoni, 1,155, wakagawanya, wakapata tano, wazazi wakanong'onezana kwa furaha, nami nikaongeza, kwa kuwa karatasi yangu ilisema hivyo, kwamba galoni tano ni karibu lita kumi na tisa. Kisha nikauliza darasa: nikimimina mkebe huu wote, maji yatatosha, yatapungua, au yatamwagika?

Wote wakasema yatatosha. Mkono mmoja ukabaki juu, wa Zeituni.

"Mwalimu, yatamwagika," alisema. "Mkebe huu ukijaa unajaza mtungi wa lita ishirini na bado maziwa yanabaki. Mimi ndiye humimina kila asubuhi."

Jamani, hapo ndipo Mungu alinifungulia mlango wa kutokea na mimi nikaufunga kwa teke. Msichana ameshika kipimo hicho maisha yake yote. Mtungi wa lita ishirini, chombo ambacho kila nyumba ya Eastlands inacho, ambacho mimi mwenyewe nilipangia foleni ya maji kila wiki! Nikacheka mbele ya wazazi, nikamwambia, "Zeituni, karatasi hii imetoka kwenye mtandao, Amerika. Mtungi wenu umetoka soko la Gikomba. Tuamini upi?"

Watu wakacheka. Zeituni akaketi.

Na kwa kuwa kiburi hakikosi nyongeza, nikamwomba Mzee Odero aje anisaidie kuinua mkebe, ili ushindi wangu aushike kwa mikono yake mwenyewe. Akaja. Tukauinamisha, maji yakaanza kushuka, boksi likajaa robo, nusu, robo tatu. Maji yakafika ukingoni. Nikasikia uzito mkononi, nikajua mkebe bado una maji.

"Mwalimu, limejaa," Mzee Odero alinong'ona.

"Mimina, Mzee. Hesabu haijaisha."

Akamimina. Maji yakaruka ukingo, yakatandaa mezani, yakakikuta kitabu cha wageni, yakaikuta hotuba. Wino wa bluu ukaanza kutembea. Nikauachia mkebe kwa mikono miwili ili niokoe hotuba, Mzee wa watu akabaki nao peke yake, ukamwelemea, na yaliyosalia yote yakaenda moja kwa moja kwenye mapaja ya Madam Khasoa. Mimi nikatafuta kitu cha kukaushia, nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa zile karatasi za mtandao, nikampangusa hedi wangu nazo, na wino wa mashine ukahamia kwenye kitenge. Kama si kuzama sakafuni ningetamani nini kingine?

Mzee Odero akautua mkebe taratibu (hakuugongesha, namshukuru hadi leo), akatoa leso, akajipangusa viatu. "Galoni ya Mmarekani ni ndogo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mkebe huu ni wa Mwingereza. Nilisema limejaa, ukasema nimimine." Baadaye nilipozianika zile karatasi niliyakuta maneno hayo hayo, ukurasa wa mwisho, chini kabisa.

Madam alihutubia bila karatasi, dakika tano badala ya saa nzima, na wazazi wakamshangilia kuliko miaka yote, kwa hiyo hasira zikampungua kidogo. Jioni akaniita ofisini.

"Darasa la nane nimempa Mzee Odero," akasema. "Wewe baki na la saba. Zeituni yuko huko, na bado hajamaliza kukufundisha."

Niliumia, sitadanganya. Niliumia zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nikaurudisha mkebe Mbotela nikipitia vichochoro vya nyuma, lakini habari ilikuwa imenitangulia. Mama Zeituni aliupokea, akaukagua ubavu wote, kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Kwani unaingia lita ngapi, mwalimu?"

Kwenye mtandao niliendelea kwenda, na masomo mazuri nimeyatoa huko mengi. Lakini tangu siku ile sijafundisha hata moja bila kulisoma hadi mstari wa mwisho, na mkono wa mtoto ukibaki juu, nauweka chini ule mkebe kwanza.

"Sijui, mama," nilimjibu Mama Zeituni siku ile. "Tumuulize Zeituni."